Trekta la Mkono Mteremkoni

Mkulima mmoja wa viazi wa Mudende, wilayani Rubavu, mama wa nyumba, alipokabidhiwa trekta la mkono la magurudumu mawili, hakuogopa kelele zake. Alichoogopa ni mteremko. Na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Penye tambarare, akibana klachi ya kushoto, gurudumu la upande huo hukosa nguvu, na trekta hugeuka kushoto. Akiteremka, mambo hupinduka: gurudumu lililoachiwa hukimbia, lile jingine huzuiwa na injini, na trekta huelekea kulia, pengine ukingoni! Basi huko klachi hizo haziguswi. Hupunguza mafuta, huingiza gia ndogo, kisha huligeuza kwa nguvu za mikono. Mawe ya volkano, adui wa majembe yale, mumewe huyaokota mapema alfajiri, injini ikiwa bado imelala.