Kuvu ya Vidoleni

Mguu ni mtumishi asiyedai ujira. Hubeba mwili kutwa, hukanyaga mchanga wa moto na tope la mikoko, na aghalabu haukumbukwi mpaka uanze kuwasha. Katika pwani yetu, tangu Mikindani hata mlango wa mto Ruvuma, muwasho huo hupenda kuanza kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Ngozi hugeuka nyeupe, hulainika, hupasuka, kisha hunuka. Watu huuita fangasi.

Yafaa msomaji ajue ya kuwa kuvu hii ni rafiki wa viatu. Mtafuta pweza huloa tangu asubuhi, lakini jua na upepo humkausha vidole. Sisi wa madarasani, tunaofungia miguu ndani ya soksi katika joto la Desemba, ndio tunaoikaribisha karamuni. Chakula chake ni ngozi ya juu iliyokwisha kufa, na kinywaji chake ni jasho.

Dawa za nyumbani ni nyingi: maji ya chumvi, majani ya muarobaini yaliyochemshwa, kitunguu saumu kilichopondwa. Sizidharau. Mwaka 1996 wataalamu wa Venezuela walitangaza marhamu ya kiini cha kitunguu saumu iliyoponya wagonjwa wengi wa kuvu hii. Hata marhamu ya Whitfield, tabibu wa Uingereza, iliyotumika tangu mwaka 1907, ina asidi ambayo zamani ilipatikana katika utomvu wa mti. Mpaka baina ya kinu na duka la dawa si ukuta. Lakini kiini kilichopimwa si punje mbichi: punje ikifungwa juu ya ngozi huunguza kama kaa.

Hapo ndipo elimu yangu ilipotakiwa kusema mbele ya mjomba wangu wa Msimbati. Yeye ana kisukari. Na kwetu Wamakonde neno la mjomba halipingwi ovyo. Nilimkuta ametia miguu katika beseni la maji yaliyokuwa yakifuka mvuke, saumu imepondwa kando.

"Shikamoo, mjomba. Maji hayo hayakuunguzi?"

"Marahaba. Hata kidogo, mpwa wangu," alijibu kwa fahari.

Jibu hilo lilinitisha kuliko jeraha. Kisukari hufisha hisia za miguu. Na mguu usiosikia moto hauwezi kumwonya mwenyewe. Ufa mdogo wa kuvu huwa mlango wa vijidudu vingine, na watu wamekatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza hivyo. Niliomba ruhusa, nikasema yote hayo, nikiinamisha macho.

Alinyamaza kitambo. "Saumu nilifundishwa na marehemu mama yangu. Nikiiacha, nitakuwa nimemkana?"

"Bibi alikufundisha pia kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu wakati wa udhu. Sasa ongeza kitambaa kikavu baada yake, mjomba."

Alicheka, akatoa miguu. Ngozi ilikuwa nyekundu hata vifundoni. Saumu aliagiza irudishwe jikoni, itiwe katika mchuzi wa samaki. Asubuhi tulikwenda zahanati. Alitembea mbele, nami nilimbebea kitambaa.