Tongaren: Uliza kwanza shamba ni la nani

Ukitoka mji wa Kitale kwa barabara ya Webuye, upite Kiminini kisha uchepuke upande wa kushoto, utaingia katika nchi ya mahindi. Mwezi wa Julai mimea husimama pande zote mbili za njia, mirefu kuliko mtu, na nyumba huonekana tu kwa mapaa ya mabati. Upande wa magharibi kuna Mlima Elgon, ambao alasiri hujifunika mawingu. Hapa ndipo Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, pamoja na jirani zake Naitiri, Ndalu, Mbakalo na Kabuyefwe.

Wakazi wengi wa mijini wanalijua jina hili. Wengine wamezaliwa huko. Wengine wameambiwa na rafiki kazini kwamba kuna ekari moja inauzwa, udongo mzuri, karibu na barabara. Kwa mtu anayelipa kodi ya vyumba viwili kila mwisho wa mwezi, habari kama hiyo humkosesha usingizi. Naam, ardhi ni nzuri. Walakin, shamba la Tongaren lina historia, na anayenunua bila kuijua hununua kesi.

Mashamba ya walowezi

Kabla ya uhuru, sehemu hizi zilikuwa chini ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota, akilima kipande alichoruhusiwa na mwenye shamba. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alidai walowezi waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, naye Masinde akawekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Mnamo 1962 ulianza mpango wa makazi wa Ekari Milioni. Kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, mashamba ya walowezi yalinunuliwa, yakapimwa na kugawanywa kwa familia za Kiafrika. Familia hizo hazikupewa bure, bali kwa mikopo ya kulipwa kwa miaka mingi, na hatimiliki ilingoja deni liishe. Wakaja Wabukusu, Watachoni, Wakabras, Wamaragoli na wengineo, kila mmoja na namba ya ploti yake. Hadi leo wazee hutajana kwa namba hizo.

Maisha ya huko

Mahindi hulimwa mara moja kwa mwaka. Mbegu huingia ardhini mvua zinapoanza, Machi au Aprili, na mavuno huja kuanzia Oktoba. Ekari moja huhitaji kilo 10 hivi za mbegu, mfuko wa mbolea ya kupandia na mwingine wa kukuzia. Mvua ikiwa njema na palizi ikifanywa kwa wakati, mkulima hodari aweza kupata magunia 20 ya kilo 90. Familia ya watu 6 hula magunia 6 au 7 kwa mwaka. Kinachobaki ndicho karo, dawa, sare za shule na mbegu za mwaka ujao. Kwa hiyo, bei ya gunia ikishuka, mzazi huisikia mwezi Januari shule zinapofunguliwa.

Mwenye busara hategemei mahindi peke yake. Utakuta ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, migomba nyuma ya jikoni, maharagwe kati ya mistari ya mahindi, na kuku wanaongoja mgeni. Mboga ni saga, kunde na mrenda. Mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, Wabukusu huwatahiri vijana wao, na usiku kucha husikia njuga na nyimbo njiani. Wa mjini hufunga safari wakarudi nyumbani, na hapo ndipo mazungumzo ya ardhi hufufuka.

Ploti inavyopungua

Tuseme babu alipata ekari 15. Akawa na wana watano, kila mmoja akapata ekari tatu. Mmoja wao ana watoto wanne. Kila mmoja atapata chini ya ekari moja. Hesabu hii haijawataja mabinti, ilhali Sheria ya Urithi haibagui mtoto wa kike na wa kiume. Isitoshe, babu akiwa amefariki, mara nyingi hatimiliki bado ina jina lake. Wajukuu wanajua mipaka kwa miti iliyopandwa, wala si kwa karatasi.

Hapo ndipo mnunuzi kutoka mjini hunaswa. Kijana mmoja wa familia huonyesha sehemu "yake", hupokea pesa, na hati ya makubaliano huandikwa mbele ya mashahidi wawili. Sheria yasema shamba la marehemu haliwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha msimamizi wa mirathi. Ndugu na dada wakitokea baadaye, mnunuzi hana pa kusimama.

Ukitaka kununua, basi, fanya haya. Nenda ofisi ya ardhi ukalipie ukaguzi rasmi wa sajili, ujue shamba ni la nani na kama lina deni au zuio. Mwite mpimaji ahakikishe alama za mipaka. Kisha nendeni mbele ya Bodi ya Ardhi. Shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya bodi hiyo, sheria yasema mauzo ni batili, na ombi lapaswa kupelekwa katika miezi 6 tangu makubaliano. Mke wa muuzaji na watoto wake wazima wawepo, waseme wenyewe kwamba wamekubali. Mwisho kuna ushuru wa stempu, ambao kwa mashamba ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani.

Tusisahau pia kwamba ghasia za kikabila za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliwafukuza watu wengi makwao katika Trans Nzoia, Bungoma na Mlima Elgon. Aliyepitia hayo hulitazama swali la "wewe umetoka wapi?" kwa macho mengine. Mgeni anayenunua ekari Tongaren anahitaji hatimiliki, lakini anahitaji pia jirani. Ahudhurie matanga, achange harambee, akae na wazee kabla ya kuzungusha ua.

Na kwa ninyi ambao babu zenu wako huko tayari, kazi yenu ni nyingine. Kabla ya kutafuta ekari ya mtu, ulizeni hatimiliki ya nyumbani ina jina la nani. Kama ni la marehemu, kaeni chini Desemba hii, wana kwa mabinti, mfungue mirathi mahakamani wazee wanaojua mipaka wangali hai.