Mwaka wa Tatu

Watu wa Nebraska wana sifa moja inayotajwa kila mahali huko Marekani, eti ni wavumilivu. Tangu Novemba 1962 hadi nilipoondoka mimi mwaka 2024, hapakuwa na mechi hata moja ya timu ya chuo chao kikuu, pale Memorial Stadium mjini Lincoln, ambayo tiketi zake zilibaki. Miaka sitini na ushei! Mvua, theluji, vipigo, tiketi zinakwisha tu. Mimi nimezaliwa Tanga, kwa watu wa Coastal Union, kwa hiyo nikisikia habari za uvumilivu wa mashabiki husogea karibu nisikilize vizuri. Na nilichokisikia huko hakikulingana sana na hiyo sifa.

Kwanza niseme mpira wenyewe ni upi, maana huu si ule wetu. Huu una umbo la papai changa, unashikwa mkononi kuliko unavyopigwa teke, na ukiutazama mara ya kwanza utadhani ni ugomvi wenye mapumziko marefu. Wachezaji ni wanafunzi. Nebraska haina timu kubwa ya kulipwa ya mchezo wowote, na jimbo zima, lenye mashamba ya mahindi na wafuga ng'ombe, lina watu kama milioni mbili tu. Basi Jumamosi ya mechi watu zaidi ya elfu themanini na tano wanaingia uwanja mmoja, wote nguo nyekundu, na ule uwanja unakuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hilo ukitoa Omaha na Lincoln yenyewe. Wanakula runza, mkate uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi. Si mbaya, ila unalilia pilipili.

Timu ilikuwa na enzi zake. Ubingwa wa taifa 1970, 1971, 1994, 1995, 1997. Kocha Tom Osborne alikaa miaka ishirini na mitano, na ubingwa wake wa kwanza aliupata msimu wa ishirini na mbili. Watu wa Lincoln hupenda kukuonyesha jambo hili kama ushahidi: unaona tulivyomngoja? Lakini ndugu msomaji, tazama vizuri. Osborne hakupata kushinda mechi chini ya tisa kwa mwaka. Kumngoja mtu wa namna hiyo ni sawa na kungoja embe huku unakula ndizi.

Uvumilivu wenyewe ulipopimwa, mambo yalikuwa mengine. Frank Solich, aliyemrithi Osborne, alifukuzwa mwaka 2003 akiwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tatu. Bo Pelini alikaa miaka saba, hakuna hata mwaka mmoja alioshinda chini ya tisa, naye akaondolewa 2014. Tisa zilionekana kidogo! Halafu wakaja kuzililia hizo tisa. Kuanzia 2017 hadi 2023, miaka saba mfululizo, timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Katikati hapo walimleta Scott Frost, kijana wa nyumbani kabisa, aliyekuwa uwanjani wakati wa ubingwa wa 1997. Huyu ndiye waliyemvumilia kweli, kwa sababu alikuwa wao. Mwaka 2021 alipoteza mechi tisa, zote kwa tofauti isiyofika pointi kumi. Mwaka huohuo tiketi zilianza kubaki, wafadhili wakazinunua ili ile hesabu ya 1962 isikatike, zikapewa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Ni jambo jema, silikatai. Ila tangu niliposikia hivyo, kila mtu aliponitajia ile hesabu nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Mimi nilifika Agosti 2022. Septemba 10 wakafungwa nyumbani na Georgia Southern, 45 kwa 42, na kesho yake Frost hana kazi. Wangesubiri mpaka Oktoba mosi, fidia yake ingeshuka kama nusu. Hawakusubiri. Zililipwa dola kama milioni kumi na tano ili mtu aondoke wiki tatu mapema. Nilimpigia simu Baba kumhadithia, akanyamaza, akauliza, "Wamempa hizo pesa ili afanye nini?" Nikamwambia, ili asifanye. Akasema hiyo kazi hata yeye anaiweza.

Novemba hiyo ikatangazwa habari ya Matt Rhule, mkataba wa miaka minane wa dola milioni 74. Na hapa ndipo nilipoanza kumsikia mzee wa nyumba ya chini akihesabu.

Nilipanga chumba juu kwa mzee mmoja, mjane, umri wake wakati huo miaka themanini na tatu. Alitaka nimwite kwa jina lake kavukavu kama wafanyavyo wao, ulimi wangu ukagoma, nikawa namwita Babu. Akauliza maana yake, nikamweleza, na tangu siku ile hakuitikia jingine. Babu alikuwa na viti viwili uwanjani, kimoja chake, kimoja cha marehemu mkewe. Kila mwaka alilipia tiketi na juu yake mchango wa kuvishikilia viti, maana huko usipochanga unasogezwa pembeni. Binti yake wa Omaha alikuwa akimpigia simu kila mwezi: Baba, acha hizo tiketi, nunua vifaa vipya vya masikio, wewe husikii hata kengele ya mlango. Babu anajibu kwamba kelele za uwanjani anazisikia bila vifaa.

Rhule alikuwa na historia inayojulikana. Temple, mwaka wa kwanza alishinda mbili, wa pili sita, wa tatu kumi. Baylor, wa kwanza moja, wa pili saba, wa tatu kumi na moja. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa unaimba wimbo mmoja, subirini mwaka wa tatu. Kwa kinyozi, mwaka wa tatu. Kwa fundi magari, mwaka wa tatu. Babu akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole. "Wa tatu ni 2025. Nitakuwa na themanini na sita." Akanitazama. "Kijana wa miaka arobaini na saba ananiomba muda. Yeye anao. Mimi ninao?"

Sikuwa na jibu. Kwetu ningesema Mungu akipenda, na hilo ndilo nililolisema.

Msimu wa 2023 ulitufikisha mechi tano za ushindi dhidi ya tatu, ikabaki moja tu ili wapate mwaliko wa mechi ya mwisho wa msimu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2016. Wakapoteza zote nne zilizobaki. Novemba hiyohiyo, kule nyumbani, Simba walifungwa na Yanga tano kwa moja, na hazikupita siku tatu kocha Robertinho akawa ameondolewa. Baba mdogo, Simba wa kulia machozi, alinitumia ujumbe akifurahi kana kwamba mabao yale yamerudishwa. Lincoln hakuna aliyetaja kumfukuza mtu. Nilidhani ni ustaarabu. Babu akanisahihisha: "Tulifukuza wa mechi tisa, tukapata wa nne. Sasa tunaogopa mikono yetu wenyewe."

Ya mwisho kati ya hizo nne ilikuwa na Iowa, Novemba 24. Nilikalia kiti cha marehemu. Baridi ile siwezi kuieleza kwa Kiswahili. Lugha yetu haikuzaliwa kwenye friji. Kumi kwa kumi, sekunde za mwisho, mpigaji wa Iowa akaupiga mpira katikati ya zile nguzo mbili. Kumi na tatu kwa kumi. Watu hawakuzomea. Walisimama kidogo, wakaanza kukunja mablanketi. Babu alikunja mawili, lake na lile nililokuwa nimejifunika mimi, akauliza kama nimekula.

Usiku ule nilimfikiria Baba. Coastal walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, mimi sijazaliwa. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa mkupuo, Coastal, African Sports na Mgambo, na Baba aliendelea kwenda Mkwakwani kuangalia daraja la chini. Hakuna aliyemhesabia mechi, hakuna bango linalomsifu langoni. Coastal walirudi ligi kuu 2018 bila yeye kuombwa muda na mtu yeyote. Nilikuwa nikimwona kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Pale Lincoln niliona watu wenye mahali pengi pa kwenda wakifanya vilevile, tena kwa pesa nyingi.

Lakini sitaki kuwasawazisha mno. Wa Lincoln wanatozwa kwa subira yao, na anayesubiriwa analipwa. Wachezaji waliruhusiwa kupata pesa kwa majina yao mwaka 2021 tu. Makocha walikuwa wameshatajirika zamani. Nilimwambia Babu hivyo. Akakubali yote, halafu akatoa kitabu cha hundi akalipia viti vya 2024.

Nilikuwa nimesharudi Tanga Desemba ya mwaka huo, waliposhinda Boston College 20 kwa 15 kule Yankee Stadium na kumaliza na ushindi wa saba. Binti yake ndiye aliyenipigia, Babu akapiga kelele nyuma ya simu kwamba wa tatu bado. Mwaka wa tatu ulifika, 2025, ubingwa haukuja. Vifaa vya masikio alikuwa amenunua. Viti pia alilipia, vyote viwili, na cha pili alikuwa akimpakia mjukuu wake anayependa zaidi mpira wa wavu wa wanawake, ambao mwaka 2023 uliujaza uwanja uleule kwa watu 92,003. Babu anasema hajui kwa nini mtoto hachangamki. Nadhani anajua.