Chuma Kilicho Chini

Gari ya marehemu baba ni Land Rover ndefu ya mwaka 1978, na tangu alipofariki mwaka 1999 imo mikononi mwangu. Mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba ya usumba. Hata hivyo masika, udongo wa Pemba unapogeuka sabuni na magari mengine yakalala njiani, yenyewe hutiwa gea ndogo ikapanda polepole, mithili ya punda aijuaye njia ya kwao.

Watu huisifu bodi yake kwamba hailiwi na kutu. Ni kweli. Ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndipo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Hupenda pia kukumbuka kwamba Maurice Wilks aliichora kwanza mchangani, katika ufukwe wa Anglesey; ni gari ya kisiwani tangu asili. Lakini fremu ni ya chuma, na chumvi huila kutokea ndani, kimya kimya. Na aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, nayo hugeuka unga mweupe.

Mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Defender ya mwisho ilitoka Solihull mwezi wa Januari, fundi wangu aliingia uvunguni na bisibisi. Akaidunga fremu, bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Bwana wee, hii imeshikwa na rangi tu."

Mnunuzi wa vipande alikuwepo, na bei yake ingelitosha ada ya chuo ya binti yangu. Binti huyo alizaliwa humo humo garini, usiku wa mvua mwaka 1997, baba akiwa kwenye usukani, hospitali ingali mbali. Nilipomkumbusha hayo, alicheka.

"Iuze, baba. Mimi nimeshazaliwa."

Sikuiuza. Fedha nilizokuwa nazo ziliishia kwa mchomeleaji, naye akachelewa mwaka mzima kuingia chuoni. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo hunichoma kuliko lawama.

Siku hizi akija likizo kutoka Unguja huchukua ndoo ya maji baridi, akajilaza uvunguni kuiosha fremu chumvi. Mimi humshikia kurunzi.