Sauti ya Baba Mkwe Ndani ya Pikapu

Akina mama wenzangu, leo napenda kuwasimulia jambo dogo lililonifundisha kusikiliza.

Tunaishi Kibaha na tunafuga kuku. Pikapu yetu hubeba mayai, na kila mwezi huenda Kisarawe kumchukua mama mkwe kuja kliniki katika Hospitali ya Tumbi. Redio ya gari hilo ilikuwa kero. Baba watoto aliifungulia kwa nguvu mno, milango ikitetemeka, mtoto akilia. Nikimwomba apunguze, alijibu kwamba akipunguza hasikii maneno. Nilimwona mkaidi.

Siku moja nilikuta shilingi 85,000 za chakula cha kuku hazipo kwenye kopo. Kumbe amenunua spika! Nilisema maneno ambayo leo nayaonea haya. Wiki nzima tukawa tunaongea kwa kupitia watoto.

Jumamosi nilimfuata kwa fundi, nikikusudia kudai fedha zirudi. Fundi, mtu mpole, alinionyesha spika ya zamani, karatasi yake imechanika.

"Mama," alisema, "sikio zima husikia mitetemo kuanzia 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde. Karatasi hii moja ilibebeshwa yote. Besi ikiitikisa, maneno yanapotea. Ukiongeza sauti, unaongeza mikwaruzo tu."

Kisha akanionyesha kisanduku kidogo kiitwacho krosova. Ndani yake mna koili, ambayo hupeleka sauti nzito kwenye spika kubwa na kuzuia zile nyembamba. Mna pia kapasita, ambayo hupitisha sauti nyembamba kwenda kwenye spika ndogo, twita, na kuzuia besi isiiunguze. Alihakikisha spika mpya ni za omu 4 kama redio ile ilivyotaka, akabandika sponji mlangoni pale bati lilipokuwa likigonga.

"Haya yote ya nini?" nikamwuliza mume wangu.

"Ni kwa ajili ya kaseti ya baba," akajibu polepole.

Marehemu baba mkwe alikuwa mwinjilisti. Mahubiri yake yalirekodiwa mwaka 1994, na kijana wetu ameyahamishia kwenye flashi. Mama mkwe, ambaye masikio yake yamechoka, ndiye aliyeomba kuyasikia. Kila safari alikuwa akiuliza, "Anasemaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza mara mbili, mama watoto. Ulinikatiza."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli.

Safari iliyofuata, tulipokuwa tukitoka Kisarawe kuteremka vilima vya Pugu, mume wangu aliweka mahubiri yale. Alipunguza kidogo sauti nyembamba, maana kaseti za zamani huvuma. Redio ilikuwa ya wastani tu, lakini kila neno lilisikika. Mama mkwe aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema, "Siku hiyo alikuwa na mafua." Tulicheka, na machozi yakatutoka.

Mpendwa msomaji, kama redio ya gari lenu inakera, msikimbilie kuongeza sauti. Mwombe fundi akague spika na milango kwanza. Tena tulinde masikio ya watoto. Wataalamu hushauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo upungue nusu. Ukilazimika kupiga kelele ili aliye kando yako akusikie, redio imezidi.

Mume wangu aliniomba radhi kwa kuchukua fedha bila kushauriana nami, nami nikamwomba radhi kwa ulimi wangu. Siku hizi kopo lile tunalifungua wawili. Mithali 18:13 inamhesabu kuwa mpumbavu yule anayewahi kujibu kabla ya kusikiliza. Mstari huo niliufundisha watoto Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, huku nyumbani kwangu sijauanza. Dada yangu, je, mumeo ameanza kukueleza jambo gani ambalo hukumwacha alimalize?