Chokaa wape jioni

Nafuga kuku wa mayai hapa Oicha, na kila anayeanza kufuga namsihi jambo moja: chokaa wape jioni.

Yai hukaa mwilini mwa kuku karibu saa 25, na kama 20 kati ya hizo huishia kwenye ganda peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika usiku, kuku wakiwa wamelala. Juu ya utando mweupe unaouzunguka ute kuna vinundu vidogo mno, na hapo ndipo fuwele za kwanza za chokaa hushika. Zinakua kwenda nje, zinasongamana, mpaka zinakuwa ukuta wa theluthi moja ya milimita, wenye maelfu ya vitundu vya kumwezesha kifaranga kupumua. Kuku huchanganya humo protini kidogo. Ni hiyo inayoongoza umbo la fuwele, na bila hiyo ganda lingekuwa chokaa ya kumomonyoka tu.

Ganda moja linataka gramu 2 hivi za kalsiamu, ile iliyo ndani ya chokaa. Mfuko unaolitengeneza hauna akiba. Unachota katika damu, na damu ikipungukiwa inachota katika mifupa. Mtetea akikaribia kutaga hujiwekea mfupa wa akiba ndani ya mifupa ya miguu. Chakula kisiporudisha kilichochotwa, anajenga mayai kwa mwili wake mwenyewe, na kwa muda mayai yanatoka mazuri kabisa. Hilo linaniuma.

Majirani waliokimbia vita upande wa Eringeti wengi hufungia kuku ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Kuku haoni jua, hapati vitamini D, na kalsiamu anayokula haipiti vizuri kuingia mwilini. Wananiletea kuku aliyelala ubavu, wakidhani ni ule ugonjwa unaomaliza banda zima. Mimi napapasa kwanza mfupa wa kidari. Ukiwa umepinda, nauliza: alikuwa akitaga vizuri? Mara nyingi ndiyo. Basi namtenga, namtoa nje mchana, nampa chokaa na maji karibu na mdomo. Wengi husimama tena.

Chokaa yenyewe tunaiokota. Maganda ya wale konokono wakubwa wa msituni ni chokaa ileile, ingawa konokono huzipanga fuwele zake kwa namna nyingine: zake ni aragonaiti, za yai ni kalsaiti. Chemsha, anika, ponda, lakini usisage unga. Unga hupita upesi. Punje hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole usiku kucha, wakati ganda linajengwa. Ongeza mifupa ya samaki, maana mfupa wa kuku unataka na fosforasi.

Mayai ya kuatamia nayamulika kwa tochi, na yenye ganda jembamba siyaweki. Yanapoteza maji mengi kabla ya siku 21. Tena kifaranga mwenyewe hujenga mifupa yake kwa chokaa anayoichota ndani ya ganda, na kadiri anavyoichota ndivyo ukuta unavyolegea, hadi aweze kuutoboa.