Tuliupeleka Mgonjwa Lukole

Watu wanakwenda ukweni na sukari, mchele na vitenge. Sisi tulikwenda na mgonjwa: mparachichi wa mita moja na ushee, majani yamekauka ncha, shina tumelizungushia kiroba.

Mti huo alitupa mama mkwe siku ya harusi yetu, ukiwa mche mdogo kwenye kiriba. Dar tukauhamishia kwenye chungu cha kung'aa, cha bei mbaya, tukauweka kibarazani ghorofa ya tatu. Kila mgeni aliusifia. Mwaka wa pili ukaanza kunyong'onyea. Na kwa kuwa ni mti wa harusi, unajua tena mambo yanavyokuwa. Jani likianguka, mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mara "hujaumwagilia," mara "wewe ndo uliusogeza juani." Ikafika mahali hatuutaji kabisa.

Kwa taarifa yako, mparachichi ni ukoo mmoja na mdalasini, na ule mti wa Mediterania ambao majani yake makavu tunayanunua kwa pakiti kwa ajili ya pilau. Ukoo wa kudeka, naona.

Kutoka Dar hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200, na konda wetu alitaka mti ulipiwe siti. Mume wangu akaupakata. Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, kisha vilima vikaanza na hewa ikapoa. Tukashuka Benaco, njia panda ya malori ya Rwanda na Burundi. Jina hilo dunia ililisikia Aprili 1994, pale takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja. Wanyarwanda wakarudi kwao Desemba 1996. Lukole, jirani na hapo, ikawa kambi ya Warundi waliokimbia vita vilivyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Ilibeba watu zaidi ya laki moja, yaani mji mzima, hadi ilipofungwa 2008.

Usitegemee kuona maturubai. Sisi tuliona nyasi, mihogo, na hapa na pale miti iliyosimama kwenye mistari. Miti haijipangi yenyewe. Fikiria laki moja ya watu, kila jioni maharage jikoni, na maharage yanataka moto wa saa kadhaa. Vilima vilinyolewa. Ndipo vikaja vitalu vya miche, na mama mkwe akapata kibarua cha kujaza udongo kwenye viriba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu mmemfanya nini?"

Hakungoja jibu. Alikilaza chungu, akakigonga mgongoni, akauvuta mti nje. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama mfereji. Akageuza chungu chini juu. Hakina tundu hata moja!

"Nani anamwagilia?"

"Mimi," tukajibu. Wote wawili, kwa mpigo.

Kumbe mimi nilikuwa namwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini, mwenzangu usiku nikishalala, kila mmoja akidhani anaficha uzembe wa mwenzake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mizizi ya mparachichi iko juujuu na inataka hewa, akasema. Ikizama inaoza, na majani yananyauka kama yana kiu, basi mtu anaongeza maji. Kambini maji yalikuwa ya foleni, hakuna aliyeweza kuzamisha mche hata angetaka. Na zile ncha zilizoungua? Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Mparachichi na chumvi haviivi chungu kimoja.

Akakata mizizi iliyooza kwa kisu alichokipitisha motoni, akaacha myeupe. Akapunguza matawi, maana mizizi michache hailishi majani mengi. Akachanganya udongo wa juu, mchanga na samadi kidogo iliyooza vizuri, akaupanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi aliyoitoboa kwa msumari wa moto. Kivulini. Maji ni mpaka kidole kikizama udongoni kikute pakavu. Mbolea ya dukani marufuku mpaka uchipue.

Chungu chetu cha kung'aa sasa anahifadhia maharage.

Tulirudi mikono mitupu. Wiki ya sita ikaingia picha kwenye simu: majani mawili mapya, rangi ya shaba. Mume wangu akampigia kuuliza tuufuate lini. Mama akasema mti haupandi basi mpaka tumwambie ni nani kati yetu atakayemwagilia. Tangu Jumapili tunajadiliana.